Homa ya Msimu wa Salfa

Nimekabidhi funguo za maabara, nimekabidhi koti jeupe lenye vifungo visivyofanana, na bado simu inalia. "Mama, mashine imegoma." "Mama, hii rangi inakaa muda gani kabla ya kuisuuza?" Wadogo zangu mnaoanza kazi, nawapenda, lakini na mimi sasa nina mihogo ya kuchimba. Kwa hiyo nimeamua kuandika yale ambayo simu haitoshi kuyasema. Msitafute humu nilipandishwa daraja lini. Hayo yalikuja yamechelewa na hayakunifundisha kitu. Nataka kuwaeleza habari za kioo, za mzee mmoja, na za homa moja iliyokuja msimu wa salfa ikanifanya nipige kelele maabara kama mtu aliyepandwa na mashetani. Katika kazi yangu yote nilipiga kelele ya namna hiyo mara mbili tu. Naanza na ya kwanza.

Kituo chetu kiko upande wa Kitaya, pale barabara inapoanza kushuka kuelekea mto Ruvuma. Nilipofika, msichana mwembamba mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima, hapakuwa na umeme. Maabara ilikuwa chumba chenye dirisha moja, na hadubini ilikaa mbele ya dirisha hilo kwa sababu ilitumia mwanga wa jua. Chini yake kulikuwa na kioo cha duara, na kazi yako ilikuwa kukigeuzageuza mpaka kikamate mwanga na kuurusha juu kwenye kipande cha damu. Wingu likipita, kazi inasimama. Mvua ikinyesha, wagonjwa wote wa malaria wanakaa wanasubiri jua lirudi. Ninyi mnaolalamika umeme ukikatika kidogo, huwa nawatazama tu.

Mwenye chumba alikuwa Mzee Mchopa, Mmakonde wa Newala, mwenye chale za zamani usoni na vidole vinene ambavyo havikuwahi kuvunja hata slaidi moja. Siku yangu ya kwanza hakunikaribisha wala hakuniuliza nimesomea wapi. Alinisogezea kigoda, akageuza kioo, akasema, "Chungulia."

Nikachungulia. Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Kisha ukungu. Kisha, jamani! Chembe za damu zimetapakaa, na ndani ya baadhi yake kuna pete ndogo za buluu, kila pete na kito chake chekundu, safi kabisa, nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Vimelea wa malaria nilishawaona kwenye michoro ya chuo, lakini hawa walikuwa wa kweli, wametoka kwa mama aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi akitetemeka.

"Nawaona!" nikapiga kelele. "Mzee, nawaona! Wako hapa!"

Nje watu wakainuka, wakidhani kuna nyoka. Mzee Mchopa hakugeuza hata shingo. "Polepole, binti," alisema. "Hao hawajui kama umewaona. Usiwashtue."

Kuanzia siku ile watu wakaniita Dada Kioo, na nilipozeeka nikawa Mama Kioo. Jina langu la cheti lilibaki kwenye cheti.

Mzee Mchopa alikuwa na desturi moja iliyonikera kwa muda mrefu. Kabla hajagusa damu ya mtu, alikwenda mlangoni akamtazama mwenye damu. Alimtazama macho, ulimi, viganja, anavyokaa, anavyopumua. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye kioo changu. Nilimwambia kumtazama mgonjwa ni kazi ya tabibu, sisi tuna kazi ya kutazama damu. Akanijibu, "Damu haikujileta, binti. Imeletwa na mtu. Mtazame mtu, tazama damu yake, halafu umtazame mtu tena." Nilimwitikia ili niendelee na kazi.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Ninyi mmeukuta una vidonge na una vipimo. Sisi tuliupokea mikono mitupu. Watu walikonda, wakaharisha, wakakohoa, na majirani wakashusha sauti na kusema fulani amekanyaga waya, maana neno UKIMWI lenyewe waliogopa kulitamka. Damu tuliipeleka mjini kwa gari la dawa likipatikana, na mara nyingi majibu yalirudi mwenyewe ameshazikwa. Nililia sana miaka ile. Na ukiacha huzuni, kulikuwa na hasira moja ya kitaalamu ambayo sikumwambia mtu isipokuwa Mzee Mchopa: huyu mdudu sikuweza kumwona. Niligeuza kioo kila upande. Damu ya mtu anayekufa ilionekana mbele yangu kama damu yoyote.

"Ni mdogo mno," alisema Mzee. "Kumtafuta kwa hiki kioo ni sawa na kupanda juu ya mnazi ukatafuta chawa wa sisimizi."

Ni kirusi, na kirusi si kama vijidudu vingine. Hana jiko lake mwenyewe. Nilikuwa nawaeleza hivi akina mama wa kliniki: huyu ni mgeni anayeingia jikoni kwako bila hodi, akachukua sufuria yako, kuni zako, maji yako, akapikia ukoo wake. Jiko analolipenda ni zile chembe nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili. Ukoo ukishiba unatoka, unaingia jiko la pili, na lile la kwanza linabaki limebomoka. Akina mama walicheka, kisha mmoja aliuliza, "Sasa anafukuzwaje?" Wakati ule sikuwa na jibu. Leo mnalo: hafukuzwi akaisha, lakini dawa inamzimia moto, na jiko lisilo na moto halipiki.

Kipimo cha haraka kilipofika nilikuwa kama mtoto siku ya Idi. Tone moja la damu, matone ya maji yake, unasubiri kidogo, unasoma mistari. Mzee Mchopa alikuwa ameshastaafu, akaja kwa baiskeli kutoka shambani kwake ili akione. Alikigeuza mkononi, akakinusa, akakirudisha. "Kwa hiyo sasa kinakwambia chenyewe?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. "Basi mtaacha kutazama watu." Alifariki kabla sijamjibu vizuri, na jibu lenyewe nililipata karibu na mwisho wa kazi yangu, kwa mwanamke mmoja ambaye humu nitamwita Somoe. Si jina lake. Yeye na mume wake wameniruhusu niandike, na Somoe alitaka tu nisisahau kusema kwamba mtoto wake ni mzuri.

Kwa walio wageni wa huku kwetu, salfa ni ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho inapochipua na kutoa maua, ili ukungu usiyale. Hupulizwa asubuhi na mapema, upepo umetulia na umande bado uko kwenye majani. Mashine inavuma mgongoni, wingu la njano linapanda mtini, na nusu yake inamrudia mwenyewe. Msimu ule kila mtu huku anawashwa. Macho mekundu, kikohozi, koo linakwangua, harara shingoni na mikononi. Mtu akija kituoni na homa, hata kabla hajaketi anakupa majibu: "Ni salfa hii, mama." Na mara nyingi ni kweli. Ndiyo maana watu wa hapa tuliizoea vibaya. Salfa ilikuwa inabeba lawama za magonjwa yote.

Somoe alikuja asubuhi moja katika msimu huo, mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa hadi kidevuni ingawa kulikuwa na joto. Tabibu wetu, kijana mtaratibu aitwaye Nambunga, alikuwa amemwandikia kipimo cha malaria. Nikapima kwa kipimo cha haraka: hakuna. Nikatengeneza slaidi, maana mimi bado niliipenda hadubini yangu, ingawa sasa ilikuwa ya taa: hakuna.

"Si nimewaambia?" Somoe alisema, sauti imekwama kooni. "Ni salfa. Homa, mwili unauma kama nimetwangwa, na hii harara. Mnipe dawa ya kuwashwa niende, nimeacha ming'oko inachemka jikoni."

Nilikuwa nimeshageuka kumwita mgonjwa mwingine. Sijui ni kitu gani kilinirudisha. Labda ni kile kitenge. Nikamtazama, na nilipoanza kumtazama sikuweza kuacha.

"Mwanangu, mwaka huu umekwenda kupulizia?"

"Nitaendaje na mtoto mchanga? Anakwenda baba Nassoro. Mimi namfulia nguo tu."

Namfulia nguo tu! Wadogo zangu, hapo niliacha kila nilichoshika. Salfa inawasha pale inapotua. Mfuaji ataumwa viganja na mikono. Mpuliziaji ataumwa shingo na macho. Huyu mikono yake ilikuwa laini na safi, macho yake meupe. Nikamwomba alegeze kitenge. Vipele vilikuwa kifuani, tumboni na mgongoni, vyekundu na bapa, mahali ambapo nguo hufunika, na alisema wala haviwashi sana. Chini ya taya na kwapani kulikuwa na mitoki, yaani tezi zilizovimba, migumu kidogo, imejaa pande zote mbili. Alipofungua mdomo niliona vidonda vyeupe ndani ya shavu.

Nilikwenda chumba cha tabibu kwa mwendo ambao watu wa umri wangu hawashauriwi. Nambunga alikuwa amesimama, kalamu mkononi. "Mama, nilikuwa nakuja kwako," alisema. "Lile koo la yule mama halijanipendeza." Tukatazamana. Kila mmoja alijua mwenzake anafikiria nini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja.

Niwaelezeni hapa, maana ndilo jambo ninalotaka mlishike. Kirusi akiingia mwilini, wiki chache za mwanzo anapika kwa fujo. Mwili unashtuka, unawasha moto wa kupigana naye. Huo moto ndio homa, ndio koo, mitoki, vipele, maumivu ya misuli, vidonda vya mdomoni, kutokwa jasho usiku. Wengine wanapata yote, wengine mafua tu, wengine hawapati kitu chochote. Kisha dalili zinaondoka zenyewe, na hapo ndipo zinapotudanganya. Mtu aliyekunywa dawa ya malaria anasema dawa imefanya kazi. Aliyeoga mafuta ya nazi anasema salfa imetoka. Hakuna dalili hata moja katika hizo inayosema kwa hakika kwamba hiki ni kirusi cha UKIMWI, kwa sababu homa ni homa. Zinachosema ni kitu kimoja tu: pima.

Somoe alikubali kupima. Alikubali kirahisi, hakuwa na wasiwasi, kwa sababu alipimwa kliniki wakati wa mimba na alikuwa salama. Tulikaa tunatazama kipimo pamoja, mtoto Nassoro akivuta kamba ya kitambulisho changu na kuitafuna. Mstari mmoja. Hana.

"Alhamdulillah," Somoe akasema, akaanza kufunga mbeleko. "Sasa mnipe hiyo dawa ya kuwashwa."

Wadogo zangu, ile ilikuwa saa ya Mzee Mchopa. Damu imesema hana. Basi mtazame mtu tena. Mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa na mitoki, vidonda mdomoni na vipele kifuani, na alikuwa ametoa ziwa ananyonyesha mtoto wake mnene wa kupendeza. Kipimo kile hakimtafuti kirusi. Kinatafuta askari ambao mwili umewaandaa kupigana naye, na askari wanachelewa. Wiki zile za fujo, kirusi anapokuwa mwingi kuliko wakati wowote, kwenye damu na kwenye maziwa, ndizo wiki ambazo kipimo chetu kinaweza kusema hakuna mtu. Kama tulikuwa tunafikiri sawasawa, kila mnyonyo wa mtoto yule ulikuwa hatari. Nilitamani kuwatenganisha kwa mikono yangu.

Nambunga alimweleza, taratibu, bila kumtisha na bila kumficha. Kwamba huenda ana kirusi, na huenda hana. Kwamba kuna kipimo mjini kinachomtafuta kirusi mwenyewe, na tunaweza kupeleka damu leo hii. Somoe alimsikiliza hadi mwisho, akanigeukia mimi.

"Mama, kliniki walisema niko salama."

"Walisema kweli, mwanangu. Walisema habari za siku ile."

Akamtazama Nassoro. "Toeni damu," akasema. "Lakini baba yake niitieni ninyi. Mimi sina maneno ya kumwambia."

Mume wake, nitamwita Hamisi, alifika mchana moja kwa moja kutoka shambani, nywele na kope za njano kwa salfa, amekasirika. Alinisalimia "shikamoo" kwa adabu zote kisha akaanza kufoka kwa adabu zilezile.

"Mama, mke wangu ana salfa, mnamtoa damu mara tatu! Kliniki si alipimwa? Tulipimwa, tukaambiwa nyumba yetu safi."

"Wewe ulipimwa wapi, baba?"

"Si hukohuko kliniki."

"Ulikwenda?"

"Alikwenda yeye." Aliniangalia kama mtu anayemweleza mtoto. "Majibu yake si ndiyo yangu? Tunalala kitanda kimoja."

Msicheke. Au chekeni kidogo, kisha mkahesabu wenyewe wanaume mnaowafahamu waliopimwa kwa namna hiyo. Huku kwetu mke akienda kliniki anapimwa yeye, mtoto tumboni, na mume aliye shambani. Nambunga hakubishana naye. Alimuuliza tu kama na yeye amewahi kupata homa ya namna ile.

Hamisi aliketi. Akafuta kope, unga wa njano ukaanguka mapajani. "Msimu uliopita," alisema polepole. "Hivi hivi. Homa, koo, harara kifuani. Nikasema salfa. Ikaisha yenyewe, nikaenda zangu mjini kupakia korosho bandarini, sikurudi hadi mtoto alipozaliwa." Akatazama mikono yake. "Nipimeni."

Mistari miwili. Kipimo cha kuthibitisha, miwili tena. Kila mmoja alipewa majibu yake peke yake, kama inavyotakiwa, na wao wenyewe wakaomba wakae pamoja waambiane. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nikijifanya kuosha slaidi zilizokuwa safi. Nilisikia Somoe akilia. Nilisikia Hamisi akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani, "Nnungu wangu, na mtoto?" Hakuna aliyemuuliza mwenzake umeutoa wapi, si siku ile. Maabara haina kipimo cha kuonyesha nani alimletea nani, na hata kingekuwepo nisingekiagiza.

Majibu ya Hamisi yalibadilisha kila kitu. Nambunga alipiga simu kwa daktari mjini, na hawakusubiri karatasi. Jioni ileile Somoe alianza dawa, Hamisi alianza dawa, na Nassoro alipewa dawa yake ya maji, akaitema kwanza kwenye shati la tabibu. Kipimo cha Somoe kiliporudi kilithibitisha tuliyoyahofia: kirusi alikuwepo, tena kwa wingi wa kutisha.

Somoe alitaka kumwachisha mtoto ziwa palepale. Alikuja amejifunga kifua kwa kitambaa, maziwa yamejaa hadi anashindwa kushusha mikono, mtoto analia, na kwenye kapu ana unga wa uji. "Nitampa sumu kwa mkono wangu mwenyewe?" aliniuliza. Nilimshika tu. Nambunga ndiye aliyemweleza kwamba mtoto wa umri ule kulishwa uji mtupu ni hatari nyingine kubwa, kwamba dawa yake inamzimia kirusi moto siku hadi siku, na ya mtoto inamlinda wakati tunasubiri. Anyonyeshe, asiruke dawa hata siku moja, na sisi tutapima. Alifungua kile kitambaa. Nassoro hakujua lolote. Alinyonya kwa kelele.

Tukamchoma mtoto kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi maalumu, yakaenda mjini. Siku za kusubiri niliunguza wali mara kadhaa, mume wangu akaniuliza kama nimepata mchumba. Majibu yakarudi: kirusi hakuonekana kwa mtoto. Nilicheza pale kwenye kibaraza, peke yangu, bila ngoma. Lakini Nambunga akanikumbusha mtoto bado ananyonya, na jibu la mwisho ni baada ya kuacha ziwa.

Wakati tunasubiri hilo la mwisho, msimu wa salfa ulirudi, na hapo likatokea jambo lililonifurahisha kupita sherehe zote za kazini nilizowahi kukalishwa. Salfa hugawiwa kwenye chama cha msingi cha wakulima, na siku hiyo wanaume wote wa vijiji vya jirani wanakaa foleni na baiskeli zao. Kliniki hawaji, msikitini wanakuja kuswali wakaondoka, lakini kwenye salfa hakosi mtu. Tukaomba tuseme nao. Nilisimama juu ya kreti nikaeleza kwa furaha zote nilizonazo: unga huu unawasha pale unapotua, oga, badili nguo. Lakini homa ikija na mitoki, na vipele mahali nguo ilipofunika, na malaria haipo, usiipe salfa kesi isiyo yake. Njoo upime, na tukikwambia rudi upime tena, rudi.

Wakanisikiliza kwa heshima, yaani walikuwa wanatazama magunia. Ndipo Hamisi akatoka kwenye foleni. Hatukumwomba. Alisimama kando yangu, akavua kofia.

"Jamani, nani hapa amepimwa kupitia mke wake?"

Wakacheka wote. Yeye hakucheka. Alisubiri. Kicheko kikapungua, kikaanza kukatika hapa na pale, mpaka ikabaki sauti ya baiskeli moja iliyoteleza ikaanguka. "Mimi nilipimwa hivyo," Hamisi akasema. "Na homa yangu nikaiita salfa. Mimi natumia dawa, niko nanyi hapa, nitapulizia kama kawaida. Ila mtoto wangu mpaka leo nasubiri majibu yake." Akavaa kofia, akarudi kwenye nafasi yake, na aliyekuwa nyuma yake akampisha. Siku ile vipimo tulivyobeba viliisha, tukatuma pikipiki kituoni ilete vingine! Wanaume walikaa foleni ya pili, magunia ya salfa begani, wanataniana kwa sauti kubwa ili wasionekane wanaogopa.

Siku ya kipimo cha mwisho cha Nassoro iliangukia ndani ya wiki zangu za mwisho kazini. Alikuja anatembea mwenyewe, miguu imepinda kidogo, ameshika biskuti. Ziwa alishaacha kitambo. Somoe alikuwa amenawiri, kirusi kwake alikuwa hapimiki tena kwa uchache. Hamisi alibaki mlangoni, hakutaka kuingia, hakutaka kuondoka. Umri wa mtoto sasa uliruhusu kile kipimo changu cha kawaida, cha mistari.

Nimetoboa vidole vya watu zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, na siku ile ilibidi nikae kwanza. Nassoro alilia, nikampa kamba ya kitambulisho, akaitafuna kama zamani. Tone la damu. Matone ya maji. Rangi ikaanza kupanda kwenye kidirisha. Mstari wa kwanza ukatokea, ule unaosema kipimo kinafanya kazi. Kazi yangu yote niliifanya nikisubiri vitu vitokee, pete za buluu, mistari, nikifurahi kila vinapotokea, na sasa nilikuwa nimekodoa macho kwenye sehemu tupu nikiiomba ibaki tupu.

"Mama, muda umeisha?" Somoe akanong'ona.

"Bado."

"Na sasa?"

Nikamtazama mtoto. Nikatazama kipimo. Nikamtazama mtoto tena, shavu lake limejaa makombo ya biskuti.

"Hakuna!" nikapiga kelele. "Hakuna kitu! Somoe, hakuna!"

Nje benchi zima likainuka. Hamisi aliteleza chini, mgongo kwenye mlango, akakaa sakafuni, amefunika uso kwa kofia. Nikamsikia bibi mmoja kwenye foleni akiuliza kwa wasiwasi, "Jamani, Mama Kioo ameona nini huko ndani?"

Na Somoe, mtoto mkononi, machozi yanamtiririka hadi kwenye shingo, alitoa kichwa dirishani, lilelile dirisha la hadubini yangu, akamjibu kwa sauti iliyofika barabarani:

"Hajaona kitu, bibi! Hajaona kitu!"